Matairi ya Njumu

Tulimzika Bi Salma Jumatatu, baada ya swala ya adhuhuri. Wanaume walikwenda makaburini, sisi wanawake tukabaki nyumbani kwake Kinondoni, kwenye mikeka iliyotandikwa kuanzia sebuleni hadi uani. Chai ya tangawizi ilikuwa ikizunguka, na watu walikuwa wameanza kuongea yale maneno madogo madogo yanayokuja kilio kikitulia. Kitukuu wake mmoja, msichana wa chuo, akamwinamia shangazi yake akauliza kwa sauti ya chini, "Hivi kwa nini hapa mtaani wanamwita Bibi 'Mama Njumu'? Alikuwaga anacheza mpira?" Sisi wakubwa tukaangaliana, kisha tukacheka, msibani, huku macho bado mekundu. Shangazi mtu akaninyooshea kidole. "Muulize yule. Ndiye aliyekuwa naye mwaka ule." Nikamweleza kidogo, kwa kifupi, kama mtu anavyoeleza msibani. Lakini nilipofika nyumbani niliona sikumtendea haki marehemu, wala ule mwaka. Mambo mengine hayaelezeki mtu akiwa na kikombe mkononi.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sina kazi. Duka la umma nilikokuwa nikiuza lilikuwa limefungwa. Kwa miaka yote niliyofanya kazi pale, watu walikuwa wakipanga foleni kwa ajili ya sabuni na khanga, nasi wauzaji tukajiona watu wakubwa kwa sababu tulijua gari la mzigo litafika lini. Kisha ikaja ruhusa, kila mwenye uwezo alete anachoweza, na ghafla mitaa ikajaa vitu. Sabuni zilipangwa barabarani kama matofali. Duka letu likabaki na rafu na sisi wenyewe, tukitazamana. Siku tuliyoambiwa twende nyumbani, nilihamia kwenye chumba cha uani kwa Bi Salma, maana hapo ndipo nilipoweza kupamudu. Kilikuwa chumba chembamba chenye kitanda cha kamba na dirisha moja linaloangalia ua wa nyuma, na kuta zake zilikuwa zimelowa harufu ya tende na ubani, kwani kabla yangu kilikuwa stoo. Usiku wa kwanza nililala kama niliyefungiwa ndani ya kasha la bibi harusi.

Bi Salma alikuwa mjane, wa zile familia za Kiarabu ambazo babu zao walifungua maduka Dar es Salaam zamani sana na hawakuondoka tena. Yeye mwenyewe Uarabuni hakuwahi kufika. Alikuwa mnene, mwepesi wa kutembea, na miwani yake aliining'iniza shingoni kwa uzi mweusi wa cherehani. Aliuza khanga, tende, ubani na udi. Hakuniuliza kama nataka kazi. Aliniambia tu, siku ya tatu au ya nne, tukiwa tunakula wali na samaki wa kupaka, "Mwajuma mwanangu, mtu akila kwenye sahani yangu, na mawazo yangu anakula. Mie nataka kuuza matairi." Nikadhani nimesikia vibaya. Mpwa wake Mbarak, kijana aliyekuwa akimsaidia dukani, akaacha tonge njiani.

Vijana wa leo hawawezi kujua tairi lilikuwa kitu gani siku zile. Ulihitaji kibali ili ununue tairi. Gari la mtu lingekaa juu ya mawe mwaka mzima, majani yakaota chini yake, kuku wakataga ndani, mwenyewe akisubiri tairi moja. Niliwahi kuona tairi limeshonwa kwa waya kama kiatu. Sasa mdogo wake Bi Salma, Nassor, aliyekuwa amehamia nchi za kaskazini kabisa huko Ulaya, alimpigia simu akamwambia jambo ambalo sisi pale mezani tulilirudiarudia kama hadithi ya majini: kwamba huko kila gari lina miguu ya aina mbili. Lina ringi na matairi ya kiangazi, na lina ringi na matairi mengine ya baridi. Msimu ukigeuka wanavua haya wanavaa yale. Na yale waliyochoka nayo, wanayatoa bure, yarundikane. "Gari moja, matairi manane," alisema Bi Salma, akiinua vidole vinane vyenye mafuta ya samaki. "Na sie hapa tunagombania bovu." Aliweka mtaji wake wote wa dukani kwenye kontena moja la matairi hayo. Watu wa sokoni wakacheka mpaka wakachoka. Mwanamke, tena mjane, na matairi!

Kontena lilifika ua wa nyuma mwanzoni mwa masika. Mbarak alikata kufuli, akavuta milango, na harufu ikatoka, harufu ya mpira iliyochanganyika na kitu kingine nisichokijua, kama majani makavu ya msitu wa mbali. Matairi yalikuwa yamepangwa mpaka juu, meusi, mazito, mengi yakiwa tayari kwenye ringi, na kwenye mifereji yake palikuwa na vijani vyembamba vilivyokauka, vyenye umbo la sindano, visivyofanana na jani lolote la kwetu. Nilichukua kimoja nikakiweka kiganjani. Nilikuwa sijatoka pwani maishani mwangu, na kile kijani kilikuwa kimetoka ng'ambo ya dunia kikiwa kimeng'ang'ania tairi. Ndipo Mbarak alipopitisha mkono juu ya tairi la kwanza, akaruka.

"Shangazi! Misumari!"

Tukateremsha la pili, la tatu. Yote vile vile. Karibu kila tairi lilikuwa na vichwa vya chuma vimejitokeza, vingi, kuzunguka pande zote, kama lililopitishwa juu ya mbao za fundi seremala. Mengine machache hayakuwa na chuma, lakini mpira wake ulikuwa umechanjwa chanjachanja kwa mistari myembamba kama ya wembe. Mbarak akakaa chini kwenye mchanga. "Tumeliwa, Shangazi. Hii ishu imekwisha. Wazungu wametoboa matairi yao yote halafu wametupakilia sie." Bi Salma akasogea karibu. Alivaa miwani yake, akatazama kwa muda mrefu, akaivua, akaingia ndani. Siku ile hakuna aliyemwona akila. Habari zilizunguka mtaa mzima kabla ya magharibi, na wapita njia walichungulia ukutani wakiuliza kama bado tunauza misumari kwa kilo.

Aliyetuokoa alikuja kwa shida zake. Jina lake Mwakyoma, mtu wa Tukuyu, mhandisi wa barabara, mrefu, mwenye Kiswahili cha milimani ambacho watoto wa Kinondoni walipenda kukiiga. Alikuwa akitafuta matairi ya Pijo yake iliyokuwa imekaa juu ya mawe huko Mikocheni. Nilimpeleka uani kwa aibu. Akashika tairi, akaligeuza, akagusa vile vyuma kwa ncha ya kidole, taratibu, kimoja kimoja. Kisha akaanza kucheka, lakini macho yake yalikuwa yamejaa machozi.

"Shikamoo mama," alimsalimia Bi Salma aliyetoka kusikia kicheko. "Nani kakuambia haya yametoboka?"

"Marahaba, baba. Yana misumari. Si unaiona?"

"Hii si misumari. Hizi ni njumu. Kama za mchezaji wa mpira. Matairi haya ni ya kukanyagia barafu."

Akatueleza. Alisoma katika nchi ya baridi, miaka mingi. Alisema mwezi wa baridi ukifika, maji yote hugeuka jiwe, mabomba, madimbwi, mto. Ziwa lenyewe hukakamaa, na malori yenye njumu hupita juu yake na mzigo, ng'ambo mpaka ng'ambo, huku samaki wanaogelea chini. "Mwaka wangu wa kwanza nililia," alisema. "Nilidhani nitakufa huko na mama yangu hatajua." Mbarak akamwambia kwa heshima kwamba braza anatania. Gari juu ya ziwa! Bi Salma alimsikiliza mkono ukiwa shavuni. Alipomaliza alisema neno moja tu: "Nionyeshe."

Na mimi nasema, katika yote niliyoyaona baadaye, sijaona siku kama ile. Mwakyoma alirudi Jumamosi asubuhi na mkokoteni uliobeba mapande ya barafu kutoka kwa wauza samaki, yamefungwa magunia na kufunikwa maranda ya mbao. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua, mvuke unapanda ardhini. Aliyapanga mapande uani, moja kando ya jingine, mpaka likawa jukwaa jeupe linalotoa moshi. Majirani walijaa. Wengine walipanda ukutani. Mwakyoma alichukua kwanza gurudumu la kawaida la pikapu ya Bi Salma, akalisimamisha juu ya barafu, akamwambia Mbarak aliegemee kwa nguvu na kulisukuma. Likateleza kama sabuni, Mbarak akaenda nalo, akaangukia mgongo, watu wakapiga kelele za furaha. Kisha akasimamisha la njumu. "Egemea." Mbarak akaegemea kwa hofu. Tairi likatoa sauti, krrr, kama meno yanayouma muwa, likasimama. Akalisukuma kwa bega. Halikwenda popote. Akapanda juu yake kabisa, akishikilia bega la Mwakyoma, na lile tairi likabaki pale limeng'ata barafu, Kinondoni, kwenye jua lile.

Pale njumu zilipokwaruza palikuwa na unga mweupe. Mwakyoma akainama, akaukusanya kiganjani, akamnyooshea Bi Salma kama mtu anayempa mgeni tende. "Theluji ni kitu kama hiki, mama. Sasa fikiria inashuka kutoka mbinguni, kimya, mpaka inafunika paa." Bi Salma akauchukua kwa vidole viwili, akaupaka kwenye paji la uso, akafumba macho. "Subhanallah," alisema. "Dunia yote hii ilikuwepo, na mie nauza ubani." Unga ulikuwa umekwisha kuyeyuka ukimtiririka puani. Tulishika wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka barafu ikawa dimbwi na kuku wakaja kunywa.

Ajabu haiuzi bidhaa, hata hivyo. Dirisha langu lilikuwa karibu na baraza la nyuma, na jioni ya siku ile nilimsikia Mbarak akimbembeleza shangazi yake. "Dili jepesi tu, Shangazi. Tuzing'oe njumu kwa koleo, tuyapake rangi nyeusi, tuyauze. Nani atajua?" Mwakyoma alikuwa ameshatuonya mchana: mpira wa matairi yale ulikuwa laini makusudi, ili usikakamae kwenye baridi, na kwenye lami yetu ya moto ungeisha kama kifutio cha penseli. Mtu akiyafunga akaenda mbio njia ya Morogoro angeweza kupasukiwa. Nilijua mtaji wote wa Bi Salma uko pale uani unalowa mvua. Nilijua sufuria za nyumba ile zimeanza kupungua. Tulikuwa tumehama kutoka samaki kwenda maharage, na kutoka maharage kwenda mchicha. "Mbarak," alisema Bi Salma, "babu yako alikufa maskini, lakini hakuna mtu aliyekufa kwa sababu ya kitu alichomuuzia. Usinirudishie maneno hayo." Kisha akaita, bila kuinua sauti, kama aliyejua kuwa niko macho na ninasikiliza: "Mwajuma. Kesho tunachagua manne. Tunafunga kwenye pikapu yangu. Tutafute wapi yanafaa."

Kuchagua kulituchukua kutwa nzima. Mwakyoma alitufundisha, na mpaka leo nachagua vile vile. Tulitazama kwanza namba za ubavuni, kisha matundu ya ringi, maana ringi ya matundu matano haitakubali gari la manne hata ukiiombea dua. Tulibonyeza mpira kwa ukucha: ukirudi haraka, uko hai, ukibaki na alama au ukiwa na nyufa, uweke kando. Tulitazama kina cha mifereji. Na yote manne lazima yafanane. Bi Salma alitaka tufunge mawili nyuma, tuokoe mengine mawili ya kuuza, lakini Mwakyoma akakataa. "Ukichanganya, mama, mbele itakwenda huku na nyuma itakwenda kule. Gari ni kama mtu, haliwezi kuvaa kiatu mguu mmoja." Nilikaa katikati ya marundo yale, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, na kwa mara ya kwanza tangu duka letu lifungwe sikujihisi mtu aliyebaki nyuma. Kila tairi nililoligeuza lilikuwa limepita mahali. Lilikuwa limembeba mtu kazini asubuhi yenye giza, juu ya maji yaliyokuwa jiwe, na mtu yule hakujua kwamba kuna mimi.

Mwakyoma ndiye aliyetaja Kinyerezi. Leo ukienda huko utakuta mitambo ya umeme wa gesi na nyumba za ghorofa, lakini miaka ile yalikuwa mashamba na vilima vya udongo wa mfinyanzi, na masika yakikolea hakuna gari lililopanda. Tulikwenda asubuhi, Bi Salma akiendesha, mimi katikati, Mwakyoma dirishani. Kwenye lami njumu zililia kama mvua ya kokoto na watu walitutazama. Bi Salma aliendesha polepole, buibui lake amelikunja magotini, akisoma dua kwa midomo tu. Tulipofika chini ya kilima kikubwa tukakuta kumejaa watu. Lori lilikuwa limelala ubavu kwenye mtaro. Gari dogo lenye maua ya karatasi lilikuwa limezama mpaka mlangoni. Ndani alikuwa bibi harusi, amejifunika, na nje masufuria ya pilau yalikuwa chini ya miavuli, yakipoa. Bwana harusi na ndugu zake walikuwa juu, huko wanakosubiri, na sheikh aliyekuja kufungisha ndoa alikuwa ameanza kutazama mawingu. Mjomba wa bibi harusi, mzee aliyelowa mpaka kwenye ndevu, alituonya turudi. "Hapa hata punda wameshindwa, mama."

Bi Salma akamtazama Mwakyoma. Mwakyoma akatazama kilima. "Gia ya pili," alisema. "Usikanyage mafuta kwa hasira. Yaache matairi yatafute." Mjomba akasita, kisha akamfungulia mpwa wake mlango. Bibi harusi alipandishwa mbele mahali pangu, mimi na shangazi zake tukapanda nyuma na masufuria, tumeyakumbatia. Mwakyoma alishuka atembee, ili gari liwe jepesi. Pikapu ikaanza kupanda. Ilisogea polepole sana, upole wa kutisha, na nilipoinama kutazama niliona matairi yakiingiza mifereji yake kwenye tope, yakishika, yakilitema, yakishika tena. Mara moja nyuma iliyumba. Shangazi mmoja akapiga shahada. Kisha njumu zikakuta jiwe mahali fulani chini, nikasikia ile sauti, krrr, na gari likajivuta likaendelea. Watu waliokuwa kando ya njia wakaanza kutufuata. Walitembea nasi tu, mkono mdomoni. Tulipofika juu vigelegele vilipasuka mpaka ndege wakaruka kwenye mikorosho, na Bi Salma alibaki kwenye usukani, mikono yake imeganda pale, machozi yanamtoka, akisema, "Limepanda. Mwajuma, limepanda."

Tulipanda na kushuka kilima kile mpaka wageni wote wakafika. Mara ya mwisho Bi Salma alishuka, akazunguka mbele ya gari, akanifungulia mlango wa dereva. Alikuwa amenifundisha kuendesha uani na mitaa ya nyuma tu, Ijumaa baada ya chakula. "Bi Salma, sitaweza," nilisema. "Siwezi mimi na miguu yangu mizee," alijibu. "Wewe una miguu mipya." Nikaendesha. Sitaki kuongeza chumvi, kilima si kirefu hivyo, nimekwenda kukitazama mwaka juzi na mjukuu wangu akaniuliza kilima kiko wapi. Lakini siku ile, usukani ukitetemeka mikononi mwangu na dunia yote ikiwa tope na mvua, nilihisi chini yangu kitu kilichotengenezwa na watu nisiowajua, kwa ajili ya hofu nisiyoijua, kikinibeba mimi. Nilifika juu, nikazima gari. Mwali alikuwa ameshaozwa. Walitupa sahani ya pilau baridi, tukala tumesimama, matope mpaka kifuani, na sijala pilau tamu kuliko ile.

Matairi hayakuisha kwa mkupuo, lakini yaliisha. Mjomba wa bibi harusi alichukua ya kwanza. Wakaja watu wa mashamba ya Pugu, kisha wa Uluguru, kisha wa milima ya Usambara, wote wenye njia za tope na magari ya kubebea ndizi na kabichi, wote wakimuulizia Mama Njumu. Bi Salma alimwambia kila mmoja maneno yale yale: ya tope, si ya lami; polepole; yote manne. Wa mjini waliotaka kwa sababu ya bei aliwarudisha, na wengine walikasirika. Mwakyoma alipata ya Pijo yake katika yale machache yasiyo na njumu, akaapa kuyatumia kwenda Tukuyu tu. Mbarak, kwa mdomo wake ule ule, akawa anasimulia barafu ya uani kwa kila mteja, na kila alipoisimulia yeye mwenyewe alikuwa hakuanguka.

Masika yalipokwisha Nassor akapiga tena simu, ana kontena la pili. Tulikuwa mezani, samaki wamerudi kwenye sahani zetu. Bi Salma akamwambia asubiri. Akafunika simu kwa kiganja, akanigeukia. "Safari hii sinunui kitu ambacho mtu wangu hajakibonyeza kwa ukucha. Utakwenda wewe."

"Mimi? Huko kwenye baridi?"

"Mbarak anajua kuuza. Wewe unajua kuchagua."

"Na nikikosea, Bi Salma?"

"Utarudi nyumbani, utakula. Nani nimewahi kumfukuza hapa?" Akarudi kwenye simu akaanza kumsalimia wifi yake, mke wa Nassor.

Nilikwenda na Bi Salma kutafuta pasipoti, ofisini mjini, nimevaa gauni langu la Idi. Karani alikuwa kijana wa umri wangu, nadhifu, ametega kalamu. Aliniuliza jina, nikamwambia. Mahali nilipozaliwa, nikasema Temeke. Kisha akauliza, bila kuinua uso, "Kazi yako?" Mwaka mzima nilikuwa nimelijibu swali hilo kwa namna moja, kwa ndugu, kwa majirani, kwa kila aliyeuliza: sina. Nilifungua mdomo niseme hivyo. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mfanyabiashara wa matairi." Karani akainua macho, akanitazama gauni, akatazama kucha zangu zilizokuwa bado na weusi wa mpira, akaandika. Bi Salma alikuwa kwenye benchi nyuma yangu. Alikuwa amegeukia dirishani, anajipepea kwa ncha ya mtandio, kana kwamba hakusikia.